Mama mwenye nyumba alitaka kuonja mchuzi niliotia wine

Nilisikia ndara kwanza. Pa, pa, pa kwenye korido, halafu kimya, mbele ya dirisha la jiko langu.

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mwenyewe, huku Magogoni, na sijatia chumvi.

Nilihama Magongo kwa sababu ya malori. Huwezi kuandika sentensi ndefu huku trela likihema dirishani. Nyumba mpya ina upepo, na utulivu ambao nilikuwa nimeacha kuuomba.

Nikaanza kupika kwa raha. Vitunguu vikiiva polepole, nyama ya ng'ombe, glasi moja ya wine nyekundu kwangu, nyingine sufuriani. (Msicheke. Nyama ngumu inaitii wine kuliko mkaa.)

Mwenye nyumba ni Bi Mwanaisha, mjane, anaishi mlango wa mbele. Siku ya kunipa funguo aliniambia, "Hii ni nyumba ya watu wa dini, mwanangu. Nawe u mtu mzima."

Hakusema zaidi. Mimi nikajijazia: chupa ikionekana, nafungasha.

Basi kila nikipika, ndara zinakuja, zinasimama. Nikawa nafungua chupa chooni, bomba likimwaga maji. Chupa tupu nazifunga kwa shati, naenda kuzitupa mbali. Nilimshuku Bi Mwanaisha kuwa ananichunguza, nikamshuku jirani aliyenisalimia mara mbili, hata paka.

Jumamosi moja ndara zikasimama, kisha nikasikia, "Hodi."

Akaingia na sahani ya mahamri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wapika nini, Kazungu? Harufu yafika mpaka kwenye mswala wangu."

"Nyama tu, mama."

"Nyama tu." Akaitazama sufuria ikitokota. "Basi nitilie mchuzi kidogo nionje. Au u mchoyo?"

Nikashika upawa. Kusema kweli ni kuikosa nyumba. Kunyamaza ni kumlisha haramu mama wa watu, naye asijue maisha yake yote. Hiyo ya pili ilikuwa rahisi mno, wakuu. Urahisi wake ndio ulionitisha.

"Usionje, mama. Nimetia wine."

Akaketi. "Najua. Marehemu mume wangu alikuwa baharia. Nilikuwa nikimnusa kabla ya kumwamkia. Nilitaka kuona kama utanilisha."

"Na ningenyamaza?"

"Ungelala Magongo leo. Unywacho ni shauri lako na Mola wako. Lakini anilishaye nisichokula, sikai naye ukuta mmoja."

Funzo: anayekunusia mlangoni huenda anatafuta jambo jingine kabisa. Ila bado namshuku. Aliyeomba mchuzi kwa uso mkavu ule anaweza lolote.

Nyinyi mngemtilia, au mngesema? Jibuni hapo chini, bila kujipamba.

Maana mambo hayakuishia hapo. Nilimkaribisha chai. Akauliza nitaichemsha kwa sufuria ipi.

Nikaitazama ile ya nyama. Sina nyingine.

"Haya, mwanangu," akasema. Akajitanda leso, akatoka, akaufunga mlango mwenyewe.