Kengele ya mkaa chumbani kwa bibi

Jamani, leo nusura nimpoteze bibi huku nalaumu waya!

Nilitengeneza kengele ya hewa ya sumu: bodi ndogo ya kielektroniki niliyoiandikia programu, na kihisi cha gesi. Nikaifunga chumbani kwa bibi hapa Kasense, maana kwa baridi hii analala na jiko la mkaa ndani.

Asubuhi ikaanza kulia. Nikajua waya umeachia tena. Nikaenda na bisibisi, sina hata haraka.

"Shikamoo bibi!"

Nikagonga, nikagonga tena.

Nikasukuma mlango. Amekaa kitandani, macho yamelegea.

"Kichwa, mjukuu wangu..."

Nilimbeba mpaka uani, sijui nguvu nilitoa wapi.

Sasa tuko zahanati. Anaongea, tena ananigombeza: "Likelele lako limeniamsha!"



Wenzangu, jiko lenu liko wapi sasa hivi?