Diski Mbili za Marehemu Mkwe

Mtaani walimwita Hamna Shida, maana maneno hayo yalimtoka kabla mteja hajamaliza kueleza shida yenyewe. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda safi, benchi la wateja na mdomo usiopumzika. Kusoma maonyo kwenye skrini aliacha siku nyingi. Alisema hayo yaliandikwa kwa ajili ya wanagenzi.

Basi mama mkwe wake akamletea kompyuta ya marehemu mumewe. Ilikuwa imechoka, inawaka kwa kujikokota. Mama alitaka iwekewe mfumo mpya, ila picha zisiguswe: harusi yake, wanawe wote wakiwa wachanga, na mzee mwenyewe alipokuwa bado anacheka. Hakuwa na nakala kwingine. Hamna Shida akamtoa wasiwasi hata hajaketi.

Kazi ikaingia mkosi mapema. Kila alipotaka kuweka mfumo, kompyuta ilidai haioni diski hata moja. Akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayotangulia mfumo wowote, akakuta marehemu alichagua hali ya RAID: diski mbili zinazokwenda kama pacha, kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Anayeibadilisha hali hiyo hutakiwa kujua anachofanya. Yeye aliibadilisha kwa sababu wateja wake wote huwawekea AHCI, inayoiacha kila diski ijitegemee. Diski zikaonekana, mbili, zenye picha zilezile.

Akacheka sana. Mzee, alimwambia mkewe, alikuwa mtu mwema, lakini mambo ya kompyuta yalimpita kando. Nani anaweka kitu kimoja mara mbili? Akafuta diski ya kwanza, akaweka mfumo mpya. Picha zilibaki salama kwenye ya pili. Hadi hapo, tuseme ukweli, alistahili soda.

Mama mkwe akaja kuchukua mzigo wake. Akauliza kwa upole kama zile diski mbili bado zinafanana, maana marehemu alilisisitiza sana jambo hilo.

"Zinafanana, mama."

Mtu mwingine angesema kwa sasa hazifanani, akaomba muda. Huyu alijibu kwanza, kisha akainama kuufanya uongo wake uwe kweli. Akarudisha hali ya RAID. Kompyuta ikamuuliza inakili kutoka diski ipi, ikaongeza onyo refu la herufi nyekundu. Onyo akaliruka. Akachagua ya kwanza, kwa kuwa ya kwanza ni ya kwanza. Mstari ukatambaa hadi mwisho, na kweli diski zikafanana: zote zina mfumo mpya, zote hazina hata picha moja.

Alizitafuta hadi jasho likamlowesha shati. Akazima, akawasha, akalaumu umeme, akalaumu waliotengeneza diski. Mwishowe lawama zikamwishia, ikabidi aseme alichofanya, macho yake sakafuni. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia.

Mama mkwe aliweka mkono juu ya kompyuta. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi.

"Mume wangu alikupenda, mwanangu," akasema. "Aliniambia anaweka mbili, kwa sababu moja utakuja kuifuta wewe."