Mapacha Wenye Mikia

Nimeona heri niwasimulie mwenyewe aibu iliyonifika Tororo, maana hapa Busia imekwisha kupambwa mno, hata wapo wanaoapa kwamba nilizaa. Sikuzaa. Nilipeleka paka kupigwa picha.

Paka huyo, Sultani, ni wa mke wangu Auma, ambaye humpenda kwa namna ambayo mimi, katika ndoa yetu ndefu, sijabahatika kuionja. Asubuhi moja paka huyo aliamka kichwa kimeinama upande, na kila alipotaka kwenda mbele akawa anazunguka duara kama mtu aliyedondosha ufunguo. Othieno, daktari wa mifugo wa Tororo, akanieleza kwamba maradhi ama yamo sikioni, nayo yatatibika, ama yamo ubongoni, na hapo huenda ikabaki sindano ya mwisho tu. Na kwamba jibu halipatikani kwa kumkodolea macho, bali kwa picha ya CT au ya MRI. Mashine ya wanyama huku kwetu hatuna, lakini zahanati moja ya binafsi ilikubali kutuazima CT yake, kimyakimya, wagonjwa wote wakishamalizika. Auma akaniaga kwa maneno machache: "Mwalimu, usirudi mikono mitupu."

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Nikawaza: picha ya kichwa kigonjwa itasomwaje bila ya kichwa kizima cha kulinganishia? Nikamchukua na Waziri, nduguye wa tumbo moja (wamefanana kama shilingi kwa ya pili). Kwa kuwa Sultani akitiwa ndani ya boksi alizunguka na kujigonga, nikawaviringisha wote wawili kwa shali hadi usoni, Sultani mkono wa kulia, Waziri wa kushoto, mpangilio ambao niliuona hauwezi kabisa kukosewa, nikaingia barazani mwa zahanati nimewapakata.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa kijijini Bulumbi analijua, kwamba kwetu mtu hapiti na vifurushi viwili vya namna ile akaachwa hivi hivi. Mchuuzi mmoja wa samaki, Mama Nabwire, aliruka kutoka kwenye benchi kwa kigelegele.

"Salongo!" (ndilo jina la heshima la baba wa mapacha.) "Na mvi zote hizo! Leta hao watoto nisalimie!"

Ningetamka neno moja tu, "paka", mkasa ungekoma pale. Lakini baraza zima lilikuwa limesimama linapiga makofi, na mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa akinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata darasani. Nikasema, "Asante."

Sasa, mila yataka anayempakata pacha mmoja ampakate na mwenzake, wa pili asije akanuna. Mama Nabwire akamchukua huyu, akamrudisha, akamchukua yule, akawabembeleza, akawabadilisha mikono.

"Lakini hii moja nanguruma!"

"Kifua, mama."

"Pole! Jamani, Salongo aingie kwanza, mtoto iko na kifua!"

Basi nikapitishwa mbele ya watu wenye maumivu ya kweli, mapatano ya kungoja wamalizike nikayameza, nimepakata paka, nikiitikia pole kulia na kushoto.

"Mgonjwa yupi?" Othieno, aliyekuwa ametangulia kunisubiri penye mashine, akaniuliza mle ndani.

"Wa kulia," nikajibu bila kutazama, kwa uhakika wa mtu aliyefundisha maisha yake yote kwamba mpangilio ndio mwanzo wa maarifa.

Akamdunga paja, paka akalala, akaingizwa kwenye duara la mashine. Mpiga picha akasoma: fuvu safi, masikio safi, uvimbe hakuna. Nusura nimbusu.

"Kama ni mzima hivi," Othieno akasema polepole, "alikuwa anazungukia nini?"

Shali ya kushoto ikajibu. Kiumbe kikachomoka, kikapenya mlangoni, na katikati ya baraza, mbele ya wote, kikaanza kuzunguka duara, kichwa upande.

"Salongo," akasema Mama Nabwire, "hii mtoto yako iko na mkia."

"Mgongo wangu umengoja paka?" akafoka mzee wa fimbo.

Nikakiri yote, nikaomba radhi, nikataka kutoroka. Lakini Sultani alikuwa hajapigwa picha, na uso wa Auma nikauona mbele yangu. Aliyeniokoa ni Mama Nabwire, huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Mimi nimewasalimia, basi ni mapacha! Moja akipigwa picha, mwenzake pia apigwe. Wewe Salongo, kaa mwisho kabisa ya laini."

Nikakaa mwisho kabisa. Kila aliyepita alinipongeza.

Jioni picha ikatoka: kifuko cha mfupa nyuma ya sikio kimejaa usaha, lakini ubongo u salama. Othieno alimtibu, na siku hizi Sultani huenda moja kwa moja, ingawa kichwa bado amekiinamisha kidogo, kama mtu mwenye shaka na maneno yangu. Auma sokoni huitwa Nalongo, mama wa mapacha, na hajakanusha.

Mimi nimeweka nadhiri: nikienda tena Tororo, nitakwenda na paka mmoja, ndani ya kikapu, mkia ukiwa nje.