Programu ya Kusafisha Sauti

Tauno, fundi bomba mstaafu wa mji wa Tampere, Ufini, alikuwa amekigeuza chumba cha kuogea mvuke cha nyumbani, sauna, kuwa studio, kisha akahangaika miezi mitatu kuchagua programu ya kurekodia nyimbo za mkewe.

"Chagua basi, mzee! Au utanirekodi nikiwa jenezani?" mkewe Hilkka alimtania, mapafu yakiwa yameshachoka. Akaimba hivyo hivyo kwa programu ya bure, akihema, akikohoa na kucheka.

Baada ya mazishi, Tauno alinunua ile ya bei mbaya, ambayo yenyewe huondoa kelele. Akaupitisha wimbo humo, akauhifadhi juu ya ule wa mwanzo, ukafutika, ndipo akausikiliza. Sauti ilitoka safi kama ya redioni. Kikohozi hakuna, kicheko hakuna, pumzi hakuna.

"Mjinga wee!" akajifokea. "Zile kelele ndizo zilizokuwa Hilkka!"