Sahani ya Akina Oldroyd

Winifred Oldroyd aliporudi kutoka kwa dada yake, alipitiliza hadi kwenye kishamba chake cha kukodi, mkoba ungali mkononi. Nyanya zilikuwa zimeiva, vitunguu vimelalisha majani. Lakini maharage yake yaliyotambaa kwenye miti mirefu yalikuwa yamechumwa karibu yote, hadi chini pakabaki majani matupu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba jirani yake, Clifford, ayachume, kwa kuwa maharage yasipochumwa huacha kuzaa. Ila maganda makubwa ya chini, aliyoyafunga uzi mwekundu, aliyaacha yakauke yawe mbegu. Mbegu hiyo ilianza kwa baba mkwe wake, haipatikani dukani, na marehemu mumewe aliitunza maisha yake yote. Ya mwaka jana alishaipanda yote.

"Nilidhani uzi unanionyesha yaliyo tayari," Clifford alisema. "Nimeyala, bibie. Magumu kama kamba za viatu."

"Umekula ukoo mzima, Clifford."

Winifred alicheka kwanza, ndipo Clifford akashusha pumzi.

Yalibaki machanga ya kileleni tu. Yakiachwa, yangekomaa kabla ya baridi. Yakichumwa, yangetosha sahani moja ya maonyesho ya mashindano ya mboga ya Jumamosi, na tangu enzi za baba mkwe sahani ya akina Oldroyd haijawahi kukosekana mezani. Clifford alimshauri achume tu, mbegu atanunua nyingine. Winifred alimtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani. Anunue mbegu, yeye?

Jumamosi alivaa gauni lake la buluu, akaweka mezani sahani ya kaure, tupu, inayong'aa, na mbele yake kadi yenye jina la familia. Watu wakaanza kunong'ona. Mwamuzi akainama na kumuuliza kwa upole kama kuna kitu amesahau.

"Sijasahau. Maharage bado yako mitini, yanakomaa yawe mbegu. Mwakani utayaona hapa."

Mwamuzi alieleza kwamba sahani tupu haipewi alama.

"Alama sikuomba. Nimekuja kushika nafasi yetu."

Sahani ikakaa pale hadi meza zilipokunjwa. Clifford alisimama kando yake mchana kutwa, akimkaripia kila aliyetaka kuweka kikombe cha chai juu yake.