Chupa Yenye Tone la Kijani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Makina, Kibera. Phanice Shivachi anasimama mbele ya kalenda iliyobandikwa ukutani, anaziba jicho la kulia na kusoma tarehe kwa sauti. Kisha anaziba la kushoto. Tarehe zinasomeka. Ndipo anavaa viatu vyake vya mpira na kutoka kwenda kazini.

"Lazima niangalie kama macho iko," anasema. "Watu huniambia hiyo maneno ilipita, wacha. Uoga haiishi hivyo."

Phanice, mwenye umri wa miaka 38, hukusanya chupa tupu. Walinzi wa mitaa jirani ya Nyayo Highrise na Olympic humwekea zile za wikendi. Huzimiminia maji ya moto yenye magadi, huzisugua ndani kwa brashi ndefu, kisha huzipeleka Kawangware kwa mnunuzi tutakayemwita Muia, kwani Phanice ametusihi tusimtaje; majina mengine humu pia tumeyabadilisha. Siku njema hubaki na shilingi mia nne za kulisha watoto wawili.

Muia hulipa zaidi kwa chupa ambayo karatasi yake ya nembo haijachanika. Phanice akajifunza kuosha ndani bila kulowesha nje. Hakuuliza sababu. Mwenye njaa ana muda gani wa kuuliza?

Kwa Muia, chupa za wakusanyaji wote hurundikwa pamoja, na ugomvi wa hii yangu, hii yako hauishi. Kwa hiyo kila mmoja hutia alama yake chini ya chupa. Ya Phanice ni tone la rangi ya kucha, kijani.

Mwaka jana alipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye harusi Naivasha, mji ambao hakuwa amewahi kuufikia. Sherehe ilipokwisha, mpishi aliwagawia wafanyakazi divai nyeupe iliyobaki, yenye picha ya korongo kwenye chupa. Phanice alikuwa ameosha chupa za divai miaka mingi bila kuionja hata tone.

"Nilidhani itakuwa chungu. Kumbe! Ilikuwa baridi, inanukia mapera ya kwetu Kakamega, alafu inakuuma ulimi kidogo tu. Nikasema, eh, kumbe hii ndio watu wa Highrise hunificha!"

Anacheka, na kwa muda mfupi hofu inamtoka usoni.

Alirudi Nairobi akiiwaza. Madukani bei yake ilimfukuza mlangoni. Kisha siku moja, kwenye kibanda kimoja Kawangware, akaiona: korongo yuleyule, kizibo kimefungwa vizuri, bei nusu. Rahisi ghali, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akishikwa na hamu? Akainunua na kwenda kuifungua kwa dada yake, Jentrix, anayeishi hukohuko.

Phanice alionja funda moja. Haikunukia mapera. Jentrix, ambaye hakujua tofauti, alikuwa amemaliza kikombe. Kwa mazoea ya kazi, Phanice akaigeuza chupa na kutazama chini. Tone la kijani.

"Nikapiga nduru. 'Jentrix, tema! Tema hiyo kitu!' Ananiuliza, 'Kwani nini, si umenunua mwenyewe?' Nikamwambia hii chupa ni yangu, mimi ndio niliuza ikiwa tupu!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika mitaa hii kila mtu anamjua mtu aliyekunywa pombe bandia ya kujazwa kwenye chupa kuukuu akaamka haoni, au hakuamka kabisa. Jentrix alitapika mpaka akalazwa. Leo anaona, ila ukungu humjia machoni kila jua likizama, na hakuna daktari aliyewaahidi kwamba utaondoka.

Mbona asiende polisi?

"Nitasema nini? Aliyejaza simjui. Alama ni yangu. Wataanza na mimi."

Tangu siku hiyo hubandua kila karatasi kabla ya kuuza. Wiki iliyopita Muia alimvuta kando. "Mama, kama umechoka na kazi, sema. Na usianze kuongea ongea. Jentrix tunajua anakaa wapi." Phanice anapoyarudia maneno hayo anashusha sauti na kutazama mlangoni, na mwandishi huyu naye akajikuta anatazama hukohuko.

Asubuhi hii gunia lake la chupa halielekei Kawangware. Linaelekea Olympic, kwa Lusweti, fundi wa vioo, anayemfundisha kukata chupa: uzi uliochovywa mafuta ya taa, moto, kisha maji baridi. Shingo inaruka, kinachobaki kinasuguliwa kingo, kinakuwa glasi. Nyingi bado zinampasukia mikononi. Muia hajaambiwa, na Phanice hajui atamjibu nini akija kuuliza.

"Naogopa, sidanganyi. Lakini chupa ikishakatwa shingo, hakuna mtu ataijaza tena."

Na divai ya korongo?

Anaigeuza glasi yake ya kwanza isiyopasuka. Tone la kijani bado lipo, hakulifuta.

"Nitarudi Naivasha na hii. Wafungue chupa nikiangalia, wanimwagie humu. Na Jentrix akae mbele yangu, jioni hivi, aniambie ananiona."