Nilimtukana Mama Mkwe kwa Sababu ya Karoti

Jamani, nimekosa, na kosa lenyewe nimelifanya kwa kidole gumba. Msinihurumie kwanza. Nisikilizeni, halafu mnicheke, maana hata mimi nimejicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Nauza mitumba soko la Kiboriloni. Siku ya soko sina nafasi hata ya kunywa chai, lakini siku nyingine unakaa juu ya belo, jua linakuchoma, wateja hakuna, unabaki na simu. Wenzangu wanaangalia video za vichekesho. Mimi ugonjwa wangu ni blogu za mapishi, tena sehemu ya maoni. Hapo ndipo nilikuwa mbabe!

Nilijiita Mchagga Halisi. Nikishaona kichwa cha habari na picha, basi, nimeshashuka chini kutoa hukumu. Kusoma? Nani ana muda! "Hiki ni kiburu au uji wa mgonjwa?" "Dada, ndizi hizo umezitoa Dar?" Watu wakiweka vicheko, mimi nashiba bila kula.

Kulikuwa na blogu moja ya mambo ya jikoni huku mlimani. Mwandishi alijiita Binti wa Mgombani. Picha zake zilikuwa sufuria na moto tu, uso hakuna. Aliandika kwa upole, na kila mwisho aliuliza, "Na kwenu mnapikaje?" Nikajisemea, haka ni kasichana ka mjini kanakojifanya kanajua kihamba, shamba letu la migomba. Ngoja nikanyooshe.

Siku hiyo akaweka mtori, ule mchuzi wetu mzito wa ndizi na nyama. Naangalia picha, mtori una karoti! Mimi ni wa Machame, na wanawake wa Machame tunasemwa kwa mengi, lakini kwa karoti bado hatujasemwa. Nikaandika bila hata kupumua: "Karoti kwenye mtori? Mama yako angeuona huo mtori angeangua kilio. Kama hukufundwa, nyamaza."

Vicheko vikamiminika. Nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kupanga sketi zangu, nikasahau.

Jumapili, mimi na mume wangu tukatoka nyumbani, mtaa wa Soweto, tukapanda Kibosho kumsalimia mama yake. Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake kihambani na ng'ombe wake. Ni mwanamke wa utani, ukifika tu anakuchokoza. Siku hiyo nikasema, "Shikamoo, Mama," akaitikia "Marahaba" kavu, akaingia jikoni. Nikadhani anaumwa.

Baada ya kula akanivuta mpaka kwenye banda la ng'ombe, akatoa simu.

"Mwanangu, wewe ni kijana, unayajua haya mambo. Nina kablogu kangu. Hata mume wako sijamwambia, mtanicheka. Hebu nisomee huyu mtu, naona kama miwani inanidanganya."

Ruwa wangu, Mungu wangu! Mchagga Halisi huyo hapo, na kipicha chake cha mgomba!

"Soma kwa sauti," akasema kimwalimu.

Nikasoma. Nikasoma matusi yangu mwenyewe, mbele ya niliyemtukana, ng'ombe akinitazama huku anatafuna.

"Eti sikufundwa," Mama akasema. "Labda ni kweli. Nitaacha tu kuandika."

"Mama, achana naye! Huyo ni mjinga, hana kazi ya kufanya!"

"Usimtukane mtoto wa watu. Hatujui anapitia nini."

Mnaona mwanamke huyo? Ndiye kale kasichana nilikotaka kukanyoosha!

Na kweli akaacha. Tangu baba mkwe afariki, jioni zake zilikuwa ndefu, na kule kwenye blogu ndiko alikopata watu wa kuongea nao. Mmoja yuko Arusha, mwingine yuko ughaibuni huko anatafuta ndizi mbichi kwa shida. Wote wakaanza kuuliza, "Binti wa Mgombani, uko wapi?" Kimya. Mume wangu naye akawa ananiambia, "Mama amepoa siku hizi, hata nikipiga simu anajibu kwa mkato." Mimi nakunja nguo, naitikia "Mh," moyo unaniuma.

Dawa niliijua. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu unampelekea isale, lile jani refu linaloota kwenye mipaka ya vihamba. Aliyepelekewa isale hakatai, anasamehe. Lakini kulipeleka ni kujitaja, na mimi sikutaka kujitaja. Nikajiona mjanja. Nikapiga picha isale la kwenye uzio wa jirani, nikaliweka kwenye maoni, nikiwa bado Mchagga Halisi: "Naomba msamaha. Isale hili hapa."

Jibu likaja jioni hiyo hiyo: "Aika, asante, mwanangu. Ila isale halipigwi picha. Mwenye kosa hulibeba mwenyewe. Mimi nipo nyumbani."

Nikalala na hilo jibu, nikaamka nalo. Mwisho nikasema liwalo na liwe, nikaenda uzioni kuchuma. Jirani huyu hapa! "Hee, umemkosea nani?"

"La mapambo tu, mama."

"Mapambo!" Alicheka mpaka akashika mti.

Tatizo la isale ni kwamba halifichiki. Nililitia kwenye mkoba, likachungulia. Dereva wa bodaboda akaliona kwenye kioo. "Dada, umefanya nini? Mume?"

"Wewe endesha!"

"Basi ni mama mkwe."

Njia nzima ya kupanda Kibosho, kina mama waliobeba majani ya ng'ombe wananitazama, wanalitazama jani, wanatikisa vichwa. Mmoja akapaza sauti, "Pole, mwanangu, atakusamehe tu!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimkuta Mama anamkatia ng'ombe migomba. Aliliona jani kabla hajaniona mimi. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope.

"Mama, Mchagga Halisi ni mimi."

Panga lilikuwa bado mkononi mwake, na sitawadanganya, nilikuwa naliangalia hilo panga. Kisha akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea isale kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. Nikaanza kuinuka.

"Ile habari ya mtori uliisoma mpaka mwisho?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa. Soma."

Nikakaa juu ya gogo, nikasoma. Kumbe habari yenyewe haikuwa ya mapishi hata kidogo! Ilikuwa ya mama yake, aliyemuuguza pale nyumbani mpaka alipofariki. Bibi alikuwa amegoma kula. Kila bakuli lilirudi jikoni kama lilivyokwenda. Siku moja Mama, kwa kukosa la kufanya, akaweka karoti. Bibi akalitazama bakuli, akasema, "Leo mtori umevaa kanga!" Akacheka, akala, akaomba tena. Tangu siku hiyo hakutaka mtori mwingine.

Na mimi nilikuwa nimemwandikia kwamba mama yake angeangua kilio! Nililia jamani, nililia kamasi zikanitoka. Mama akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

"Sasa andika upya," akasema. "Kwa jina lako."

Akanisimamia kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaandika sifa nyingi, akasema futa, hizo ni za kujikomba. Nikaandika kwamba hata karoti ni nzuri kwenye mtori, akaniangalia. "Unaamini hivyo?" Nikasema hapana. "Basi usiandike. Kutokubali siyo tusi. Sema kilichokugusa, na usichokijua uliza."

Nikajaribu tena: "Nimesoma mpaka mwisho. Kwetu Machame hatuweki karoti na sijui kama nitaweka. Ila bibi nimempenda. Alizipenda laini, au zenye ugumu kidogo?"

Nilikuwa nimekaa hapo ubavuni pake, angeweza kunijibu kwa mdomo. Hakunijibu. Akachukua simu yake, akavaa miwani, akaanza kubonyeza herufi moja moja kwa kidole, midomo inachezacheza. Hakuwa ameandika habari yoyote kwenye blogu ile tangu siku aliyonipeleka bandani. Simu yangu ikalia.

"Laini. Hakuwa na meno."

Tukatazamana. Tulicheka, jamani, tulicheka mpaka ng'ombe akageuka! Na siku iliyofuata Binti wa Mgombani akaweka habari mpya. Yale maoni yangu ya zamani nilimwomba ayafute, akakataa, akasema yakae wengine wajifunze. Yapo mpaka leo.

Basi wewe unayesoma hapa huku kidole kinakuwasha, nakuonya kama ndugu. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Ukitaka kupinga pinga, lakini kwa maneno ambayo ungeweza kuyasema ukiwa umekaa jikoni kwa mwenyewe. Na kama umeshakosa kama mimi, usitume picha. Panda mlima.